Chuo, Nasari na Chekechea: Habari za Elimu ya Watoto Wadogo Mombasa

Mtu akitaka leo kuzilinganisha chekechea za umma zilizomo katika kaunti ya Mombasa, akaanzia Mvita, akavuka kivuko kwenda Likoni, kisha akarejea kwa upande wa Changamwe na Jomvu hata akaishia Kisauni na Nyali, ataona ikhtilafu kubwa baina ya skuli na skuli, ijapokuwa zote zi chini ya serikali moja ya kaunti, zafuata mtaala mmoja, na zapokea watoto wa umri ule ule wa miaka 4 na 5. Na pengine atahukumu kwa haraka kwamba hii ni njema na ile ni dhaifu kwa kutazama bati, rangi ya kuta na idadi ya viti vidogo. Hukumu ya namna hiyo haina insafu. Skuli hizi hazikuzaliwa siku moja wala na baba mmoja, na sehemu kubwa ya tofauti tuzionazo ni athari ya jambo la kale ambalo kila zama imelitatua kwa namna yake au imeliahirisha: nani ampe mwalimu wa watoto wadogo riziki yake?

Zamani, kabla serikali yoyote haijashughulika na mtoto wa umri huo, mji ulikuwa na vyuo. Mwana alipofikia miaka mitano au sita alipelekwa kwa mwalimu, akaketi mkekani barazani au ukumbini mwa nyumba, akapewa ubao ulioandikwa kwa wino, akaanza herufi, kisha irabu, kisha sura fupi za juzuu ya Amma, na wote wakisoma kwa sauti kwa pamoja, aliyetangulia akimshika mkono aliye nyuma yake. Wanawake nao walikuwa na vyuo vyao, na si wachache waliosomeshwa na bibi wa mtaa kabla ya kumjua mwalimu mwanamume. Mshahara haukuwapo. Kulikuwa na ada ndogo, iliyopelekwa aghalabu siku ya Alhamisi kabla ya mapumziko ya Ijumaa, na hidaya mtoto alipokhitimu. Na mwalimu aliyekuwa fukara alishona kofia au kanzu huku masikio yake yakifuata makosa ya watoto, kazi mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walivilinganisha vyuo bila ya kusita, wakasema huyu ni mkali mno, yule matamshi yake ni fasaha, wa tatu ana subira na watoto wazito. Lakini katika maneno yote hayo jengo halikutajwa abadan, maana jengo lilikuwa nyumba ya mtu tu. Kipimo kilikuwa mwalimu mwenyewe.

Utawala wa Waingereza ulileta skuli zilizogawanywa kwa kabila na rangi, ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waarabu mbali, ya Waafrika mbali, kila moja na fungu lake la fedha lisilolingana na la mwenziwe. Skuli ya Serikali ya Waarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na wazazi wengi waliiogopa kwa kuona kwamba itamtenga mtoto na dini yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kubaki nyuma katika elimu, na akataka elimu ya dini na ya dunia zisiachane. Rai hiyo iliwasemea wakubwa zaidi kuliko wadogo. Mtoto wa miaka minne hakuwamo katika hesabu ya serikali; nasari za kwanza nchini zilikuwa za Wazungu na Wahindi, na za Waafrika zilipoanza kuonekana miaka ya 1940 katika mashamba makubwa ya bara, shabaha yake ilikuwa mama apate kufanya kazi pasipo mtoto mgongoni.

Baada ya uhuru wa 1963 mwito wa Harambee ulizizaa nasari kwa wingi ambao hakuna ofisi iliyoutarajia. Wazazi walichanga, wakasimamisha banda karibu na skuli ya msingi, ukumbi wa kanisa au ua wa msikiti, wakamtafuta msichana aliyesoma kidogo, wakamwambia afundishe, na karo iliyokusanywa mwisho wa mwezi ndiyo iliyokuwa mshahara wake. Ikipungua karo, hupungua na mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza kuwafunza walimu hao. Mwaka 1980 shughuli za nasari zikatolewa katika wizara ya huduma za jamii zikatiwa katika wizara ya elimu, kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo mwaka 1984, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya. Mwalimu alihudhuria mafunzo yake katika likizo za Aprili, Agosti na Disemba kwa muda wa miaka miwili, huku miezi mingine yumo darasani. Mpango huo ulikuwa mwema, lakini ulikuwa na nakisi moja kubwa, nayo ni kwamba serikali ilimfunza mwalimu, ikamkagua, ikampa cheti, kisha ikamrudisha kwa mzazi akalipwe.

Katika zama hizo hizo Mombasa ilizaa jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa taadhima inayostahili. Wazee wa Kiislamu walisikitika kwamba watoto wao waliingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, kwa kuwa walitoka chuoni moja kwa moja, ilhali nasari nyingine ama zilikuwa ghali ama wazazi hawakuziamini kwa sababu ya dini. Wakamwendea Aga Khan, imamu wa Waismaili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakamwomba msaada. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa mji huu, ndiye aliyeishika kazi hiyo. Hakuuvunja utaratibu wa chuo. Aliuchukua, akautia michezo, hadithi, hesabu na vifaa vilivyookotwa pwani, makombe, vifuu na vifuniko vya chupa, ili mtoto asome Kurani na pia ajifunze kwa mikono yake. Skuli ya kwanza ya namna hii, iliyojulikana kuwa ni skuli ya madrasa, ilianza Mombasa mwaka 1986, na mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wasichana wa mtaa ule ule, na jamii haikupewa skuli bure, bali ilitakiwa itoe mahali, iunde kamati, na ikubali kwamba skuli ni mali yake na taksiri zake pia ni zake.

Hapo ndipo kulinganisha kulipopata mizani ya kitaalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg uliwapima watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, wengine wa skuli hizi za madrasa, wengine wa nasari nyingine, na wengine waliobaki nyumbani. Ukaonyesha kwamba waliokwenda skuli yoyote waliwapita wa nyumbani, na wa madrasa wakawapita wote. Si majengo yaliyowatofautisha, kwani nyingi za skuli hizo zilikuwa vyumba vya kawaida tu. Wenye vyuo vya kale wasingestaajabu.

Miaka mitano kabla ya utafiti huo kuchapishwa, yaani mwaka 2003, serikali ilifuta karo ya skuli za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Neema hiyo iliziumiza nasari, jambo ambalo wengi wamelisahau. Mzazi maskini aliona kwamba darasa la kwanza ni bure na nasari ni ya kulipa, akamweka mtoto nyumbani kungojea ya bure, au akampeleka darasa la kwanza kabla ya wakati wake. Walimu wengi wa nasari walibaki na vyumba vitupu na mifuko mitupu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi elimu hii kwa kaunti, na kaunti 47 zikaanza kazi mwaka 2013. Kaunti zingine zilikimbilia ujenzi; jirani zetu wa Kwale, kwa mfano, walijenga vituo vingi hata vijijini ambako mtoto alikuwa akisomea chini ya mwembe. Mombasa ilirithi urithi mchanganyiko: madarasa yaliyokuwa ya baraza la mji, mabanda ya Harambee, na vyumba vilivyomo ndani ya nyua za skuli za msingi. Katika hivi vya mwisho ndipo mashaka yalipozidi, maana uwanja ni wa skuli ya msingi, mwalimu mkuu ameajiriwa na serikali kuu, ilhali mwalimu wa chekechea ni wa kaunti. Choo kikiharibika, kila upande hutazama upande wa pili. Mtoto ana wakubwa wawili, na hana anayemwajibikia kwa ukamilifu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiulizwa chekechea ipi katika kaunti yako ni bora, usianze na rangi ya ukuta. Uliza kwanza mwalimu amekaa hapo miaka mingapi, ana watoto wangapi mbele yake, alipata mafunzo wapi, na mshahara wake wa mwezi uliopita aliupokea tarehe gani. Mwenzake wa darasa la kwanza, aliye umbali wa hatua chache katika ua huo huo, hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Yeye wa chekechea hulipwa na kaunti, kwa mkataba unaotofautiana na wa kaunti ya jirani.