Risasi, Kiasi na Gobori

Katika makamusi ya zamani ya Kiswahili neno "kiasi" limepewa maana mbili. Maana ya kwanza hakuna asiyeijua: ni kadiri, kipimo, wastani. Ama maana ya pili imekwisha kusahauliwa na wengi, nayo ni ile ya "kiasi cha bunduki", yaani baruti na risasi zitoshazo mshindo mmoja. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu maana hizi mbili zimekutanaje. Wengi walidhani kwamba ni maneno mawili mbalimbali yaliyofanana kwa bahati tu. Sivyo. Mtu aliyepiga bunduki zamani ilimlazimu kupima baruti yake mwenyewe kila mara kabla ya kuimimina mtutuni. Akizidisha, mtutu uliweza kupasuka usoni pake. Akipunguza, risasi ilianguka karibu. Kile alichokipima ndicho kiasi, na jina la kipimo likawa jina la kitu kilichopimwa.

Neno "risasi" nalo lina habari yake. Kwa Kiarabu ni jina la madini yale mazito na laini, na Kiswahili kimelipokea kwa maana hiyo hiyo. Kisha likawa jina la kile kitokacho bundukini. Lugha haikuona haja ya kutofautisha madini na kitu kilichotengenezwa kwa madini hayo, kwa kuwa aliyekuwa na kipande cha risasi alikuwa, kwa kazi ya saa moja mbele ya moto, na risasi za kupigia. Tena wazee waliiita risasi ya mviringo "popoo", kwa kuifananisha na tunda litafunwalo pamoja na tambuu. Na neno "bunduki" lenyewe, tukilifuata mpaka Kiarabuni, hutufikisha kwenye jina la tunda dogo gumu. Watu wa lugha mbili wameitazama risasi wakaona kokwa.

Nimeanza na maneno kwa sababu ndiyo shahidi tuliye naye karibu. Yatuonyesha kwamba palikuwa na zama ambapo mpigaji wa bunduki alikuwa pia mtengenezaji wa kile alichokipiga. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyokuwa, jinsi ilivyotoka mikononi mwa watu, na jinsi ilivyorudi katika nchi nyingine kwa sura ya mchezo, hali kwetu ilibaki kuwa jasho, na aghalabu kosa.

Tuitazame kazi yenyewe. Gobori, au gobore kama wengi wasemavyo leo, ni bunduki isiyo na mlango nyuma. Chochote kiingiacho hupitia mdomoni. Mpigaji humimina baruti iliyopimwa kwa ujazo, hufuatisha kitambaa au makumbi, kisha hutia risasi, au marisau kama akusudia ndege. Halafu hushindilia kwa mdeki hata vyote vikae imara. Ndiyo maana ikaitwa bunduki ya kushindilia. Namna ya kuiwasha ilibadilika kwa vizazi vitatu, na kila kizazi kimeacha jina: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na bunduki ya fataki, iliyoenea Ulaya katika miaka ya 1820 na 1830, ambayo kwayo fataki ndogo huwekwa juu ya kifa na kugongwa.

Risasi ilitengenezwa nyumbani kwa sababu madini yenyewe yamekubali. Chuma hudai tanuri na mivukuto. Risasi huyeyuka kwenye joto la digrii 327 hivi za Selsiasi, na moto wa makaa wa kawaida waweza kufika hapo. Mtu aliyeyusha kipande chake chunguni, akakimimina katika kalibu, akangoja kipoe, akakata ncha iliyobaki. Wawindaji wa Kentucky na Pennsylvania katika karne ya 18 walifanya hivyo, na wawindaji wa tembo wa bara yetu katika karne ya 19 walifanya hivyo pia. Hapakuwa na tofauti kubwa kati ya makalibu yao.

Lakini baruti ni habari nyingine. Imechanganywa kwa vitu vitatu: shura, kibiriti na makaa. Makaa yapo kila mahali penye miti. Shura na kibiriti si hivyo. Shura nyingi iliyotumiwa na viwanda vya Uingereza ilitoka Bihar, Bara Hindi, na baruti iliyopanda bara kutoka Unguja na Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Hapa ndipo palipokuwa na udhaifu wa mpigaji. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, na kwa miaka mingi hata kufa kwake mwaka 1884 hapakuwa na mtawala katika Unyamwezi aliyeogopwa kama yeye. Hata hivyo nguvu ya rugaruga wake ilitegemea vipipa vilivyochukuliwa na wapagazi kutoka pwani. Risasi aliweza kuiyeyusha mwenyewe. Baruti alingoja iletwe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hakuna silaha iliyoithibitisha methali hii kama gobori.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikimwondolea mpigaji kazi yake. Kwanza baruti na risasi zilifungwa pamoja katika karatasi, mpigaji akararua kwa meno na kumimina. Kwamba si jambo dogo kiasi kikitengenezwa na mkono wa mwingine, lilidhihirika Bara Hindi mwaka 1857. Askari wa Kihindi walipopewa bunduki mpya ya Enfield, ilienea habari kwamba karatasi ya viasi vyake imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, ambayo ya kwanza ni machukizo kwa Mhindu na ya pili ni haramu kwa Mwislamu. Mwezi wa Januari serikali iliwaruhusu askari wapake mafuta wayatakayo wenyewe. Ilikuwa kurudisha sehemu ya kazi mikononi mwa mpigaji, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika, na tarehe 10 Mei askari wa Meerut waliasi. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi. Hata hivyo watu hawakukosea kuuliza ni nani aliyekitengeneza kile walichoamriwa kukitia kinywani.

Baada ya karatasi ikaja shaba. Tangu miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia yakashika zile zifunguliwazo nyuma, na za zamani zikauzwa kwa maelfu katika Afrika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel iliyoitumia. Tangu hapo kiasi kikawa kitu cha kiwandani tu. Hakuna mwindaji awezaye kukitengeneza kizima kwa chungu na kalibu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanahistoria wetu, nadhani, hawajalipa uzito wake. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa kumi na saba, Unguja ikiwamo, yalitia sahihi Mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia kuingiza silaha na baruti katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini kifungu cha tisa kiliacha mlango wazi kidogo: kwa ruhusa ya serikali, mahali fulani fulani, wenyeji waliweza kuuziwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini usiochongwa mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ile iliyoitwa ya biashara. Mwaka ule Ulaya ilikuwa na bunduki isiyo na moshi kwa miaka minne. Mwafrika aliachiwa bunduki ambayo majeshi ya Ulaya yenyewe yaliiacha tangu miaka ya 1840.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa ni utumwa, nayo haikuwa uwongo, maana bunduki zilitumika sana katika kuwateka watu. Lakini ilikuwapo na sababu ya pili. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, aliionya serikali yake juu ya wingi wa silaha zilizokuwa zikipita kisiwani. Hofu yake haikuwa gobori. Aliogopa kwamba bara hili lingetwaliwa na kutulizwa mbele ya watu wengi wenye bunduki nzuri za kufungulia nyuma. Gobori liliruhusiwa kwa sababu lilikuwa pole pole.

Matokeo yake twayajua. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza katika nchi ya Wamatumbi, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Tarehe 30 Agosti walipoishambulia boma ya Mahenge walikutana na bunduki mbili za mzinga. Yule aliyeachiwa silaha ipimwayo kwa mkono alisimama mbele ya silaha isiyongoja mkono.

Basi tuvuke bahari kwenda Marekani, mahali ambapo kazi hii ilipata maisha ya pili. Mwaka 1931 wapenzi wachache wa bunduki za kale walishindana kulenga shabaha katika mji wa Portsmouth, Ohio. Mwaka 1933 ukaundwa Umoja wa Taifa wa Bunduki za Kushindilia, ambao makao yake ya mashindano yamekuwa katika kijiji cha Friendship, Indiana. Ilikuwa miaka ya dhiki kubwa ya uchumi, na bunduki za mababu zilikuwa zingali zikining'inia katika nyumba za milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanya biashara wa Marekani walianza kuagiza mifano mipya ya bunduki za kale kutoka kwa mafundi wa Gardone Val Trompia, Italia, na kumbukumbu ya miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1961 na 1965, ikaongeza hamu. Mwaka 1971 yalianza mashindano ya kimataifa huko Vaudreuil, Ufaransa. Na shindano moja la bunduki za mrao limepewa jina la Tanegashima, kisiwa cha Japani ambako Wareno walifika na bunduki mwaka 1543.

Watu hawa huyeyusha risasi katika chungu kidogo, humimina katika kalibu, hukata vitambaa, hupima baruti kwa kibaba cha pembe au cha shaba, na wakimaliza huosha mitutu kwa maji ya moto, kwa kuwa masizi ya baruti hii huvuta unyevu na kuleta kutu. Wengine hufanya vivyo hivyo kwa maganda ya shaba, wakiyajaza upya. Ukiwauliza faida yake, hawatasema nyama wala vita. Watasema kwamba hupenda kukijua kitu tangu mwanzo hata mwisho wake. Nami siwacheki. Mtu aliyezungukwa na vitu vilivyotengenezwa na mashine asizoziona ana haki ya kutamani kimoja alichokitengeneza mwenyewe. Lakini nao pia, wengi wao, baruti hununua.

Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 iliwaachilia nafasi. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na mifano yake isiyotumia viasi vya kisasa, haikuhesabiwa kuwa silaha kama nyingine. Na mwaka 1998 nafasi hiyo ilipanuliwa kwa bunduki nyingine za kushindilia. Msomaji aziweke sheria hizi karibu na kifungu cha tisa cha Brussels. Sheria hizo hazikuwa na nia moja, wala waliozitunga hawakufanana. Lakini kipimo chao kilikuwa kimoja: bunduki inayomlazimu mtu apime, amimine na kushindilia kwa kila mshindo, haitishi dola. Mmoja alipewa uzembe huo wa silaha kama fungu la mtawaliwa, mwingine akaupewa kama uhuru wa raia.

Na kwetu? Magobori yangaliko katika vijiji vya Tanzania. Mkulima hulinda mahindi yake dhidi ya nguruwe na nyani. Mwingine huingia porini usiku kutafuta nyama. Na fundi wa kijiji hugeuza bomba la chuma kuwa mtutu. Sheria ya mwaka 2015 hudai kibali kwa kila silaha, na polisi hawakosi kutangaza magobori waliyoyakamata. Sisemi kwamba wafanya vibaya: silaha hizo zimeua wanyama wa hifadhi, na zimeua watu, na mtutu wa bomba humpasukia hata mwenye nao. Nasema tu kwamba kazi ya mikono ya mtu huyu ni ile ile ya mtu wa Friendship. Hupima, huyeyusha, hushindilia. Tofauti ni kwamba yule wa Indiana jioni huirudisha bunduki yake kabatini na kwenda kununua nyama dukani. Kazi hugeuka kuwa mchezo pale mtu anapoweza kuiacha bila kulala njaa; asipoweza, hata ujuzi wake wote hauitwi ujuzi.

Hilo ndilo linalonisikitisha. Tunapoandika historia ya bunduki katika nchi hizi, twaandika habari za walioziingiza, waliozikataza na waliouawa nazo. Fundi na mpigaji wetu huonekana kama watu waliopokea tu. Maneno yashuhudia vingine. Watu wasiojua kazi hawatungi majina ya kifa, mdeki, kalibu, gumegume na kiasi. Nawaomba wanafunzi wanaotoka mikoa ya Tabora, Lindi, Ruvuma na Morogoro, wakienda likizo, wakae na wazee waliokuwa wawindaji au wahunzi, wayaandike maneno haya pamoja na kazi yaliyotumiwa, kijiji kwa kijiji, wala wasiandike jina la mtu ambaye huenda likamletea mashaka. Wazee hao si wengi tena, na kamusi haitatuambia kile ambacho mikono yao yakumbuka.