Kamera Mikononi mwa Wenyeji: Jaribio la Pine Springs, 1966

Utangulizi

Kwa muda mrefu elimu ya anthropolojia ilifuata desturi moja: mgeni huuliza, mwenyeji hujibu, mgeni hushika kamera, mwenyeji hupigwa picha. Makala hii inakusudia kueleza jaribio moja lililogeuza desturi hiyo, na kupima lilifika wapi.

Jaribio lenyewe

Katika majira ya joto ya mwaka 1966, Sol Worth wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na mwanaanthropolojia John Adair walikwenda Pine Springs, Arizona, katika nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Walimweleza nia yao Sam Yazzie, mzee wa uganga na ibada. Mzee aliuliza kama filamu zitawadhuru kondoo. Alipojibiwa kuwa hazitawadhuru, akauliza kama zitawafaa. Alipojibiwa kuwa hazitawafaa pia, akataka kujua basi zinatengenezwa kwa nini. Swali hilo halikuwa mzaha. Kwa Wanavajo kondoo ni chakula, sufu, mali na urithi. Kuuliza habari za kondoo ni kuuliza jamii itafaidi nini.

Kazi iliendelea. Wenyeji walifundishwa kutumia kamera na kuunganisha vipande vya filamu, lakini hawakuelekezwa wapige picha gani. Susie Benally alichagua kumwonyesha mama yake, Alta Kahn, akifuma zulia. Baadaye mama naye akashika kamera. Johnny Nelson alionyesha mfua fedha na uchimbaji wa kisima kifupi.

Yaliyoonekana

Mtazamaji mgeni, akisikia habari za ufumaji, hutazamia kuona kitanda cha mfumaji na zulia lililokamilika. Filamu ya Benally hutumia sehemu yake kubwa kwingine: kuchunga kondoo, kutafuta mimea ya rangi, kuosha na kusokota sufu, na kutembea. Kwa mgeni, kutembea ni pengo kati ya tendo na tendo. Kwa Mnavajo kulikuwa tendo lenyewe. Nyuso za watu, tena, hazikuonyeshwa kwa karibu sana, jambo ambalo watafiti walilihusisha na adabu ya kutomkazia mtu macho.

Kupima jaribio

Hata hivyo, kamera ilikabidhiwa, swali halikukabidhiwa. Worth na Adair ndio waliotaka kujua kama filamu ya Mnavajo ingefuata mpangilio wa lugha na fikra zake, nao ndio walioandika kitabu cha matokeo mwaka 1972. Barry Barclay, Mmaori wa New Zealand, alikwenda mbele zaidi. Katika mfululizo wa Tangata Whenua wa mwaka 1974, aliiweka kamera kando ili mazungumzo ya wazee yafuate taratibu zao, na baadaye akatetea haki ya wenyeji ya kusimamia picha zao.

Hitimisho

Mwaka 2002 filamu za Pine Springs ziliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa nchini Marekani. Heshima hiyo inastahili, lakini haimjibu mzee Yazzie. Swali lake linamhusu pia mwanafunzi aendaye usharikani na dodoso mkononi. Kabla ya kufungua daftari, imempasa kujua kondoo wa watu wale ni nini, na kazi yake itawafaa vipi.