Ufinyanzi wa Mwanga

Ufinyanzi wa mwanga ndiyo istilahi inayoifaa kazi ya kuupa mwanga wa leza umbo la pande tatu kwa hologramu iliyokokotolewa na kompyuta. Washindani wake ni wawili. "Picha ya 3D" inapotosha waziwazi: sinema ya miwani nayo ni ya 3D, na haina hologramu yoyote. "Uchongaji wa mwanga" unavutia, hasa Ukambani nchini Kenya, ambako vinyago vimelipia karo za watoto wengi. Hata hivyo unakosea fizikia, na kosa haligeuki sahihi kwa kupigiwa muhuri na kamati.

Mchongaji huondoa. Kibanzi cha mpingo kilichorushwa na tezo hakirudi kwenye kinyago. Hologramu haiondoi kitu. Leza huangaza bamba la fuwele za kioevu, za jamii ile ile iliyomo kwenye baadhi ya skrini za simu, na kila pikseli hulichelewesha wimbi kwa sehemu ndogo ya urefu wake. Mbele ya bamba, kilele kikikutana na kilele, mwanga hukolea. Kikikutana na bonde, giza huingia, na nishati iliyopungua hapo huongezeka kwingine. Kompyuta ikiongeza mchoro wa lenzi, doa moja hukusanyika karibu, na jingine mbali. Hicho ndicho kina. Mfinyanzi wa Kitui, asiyetumia gurudumu, hufanya vivyo hivyo: udongo husukumwa kwa vidole kutoka hapa hadi pale.

Dennis Gabor, aliyebuni holografia Uingereza mwaka 1947 akitaka kuboresha hadubini ya elektroni, na akapewa Nobel mwaka 1971, aliunda neno "hologramu" kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki "holos", yaani kizima, na "gramma", yaani kilichoandikwa. Mwandiko huo huhifadhi wimbi zima, ukali wake pamoja na awamu yake. Mwaka 1966 watafiti Brown na Lohmann walionyesha kuwa kompyuta yaweza kuukokotoa bila kitu halisi kuwekwa mbele ya leza. Hologramu, basi, ni jina la mwandiko, si la tendo. Wanaolitwika neno moja mizigo yote miwili hawakujishughulisha na asili yake.

Kikamba kilikwisha kutenganisha matendo yanayochanganywa leo, kukata na kufinyanga. Miongoni mwa majina ya Mungu, ambayo John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, aliyaeleza, yamo Mumbi na Mwatuangi. Mwatuangi ni mpasuaji, kama apasuaye kwa shoka. Mumbi ni muumbaji, na mzizi wake wa Kibantu, ulio pia katika "kuumba" ya Kiswahili, ulihusu kufinyanga udongo. "Uumbaji wa mwanga" ungetosha, lakini dini imelipa neno hilo maana ya kuleta kitu kutoka utupu, ilhali mwanga wa leza upo tayari. "Kufinyanga", lenye sauti ya "finya" ndani yake, halijauacha udongo.

Kwa matumizi: hologramu ni mwandiko, holografia ni taaluma, ufinyanzi wa mwanga ni kazi, kama ile ya kunasa chembe ndogo kwa leza au kuamsha seli teule za ubongo.

Walimu wa fizikia wa miji ya Wote na Mwingi, huko Ukambani, wasingoje waraka wa kamati. Waliandike neno hili ubaoni.