Kitako cha kikombe: kamari ya Tabora ya kale na namna ya kuipima

Umewahi kumwona mtu wa mazingaombwe akitikisa dadu ndani ya kikombe? Anatikisa, anakifunika mezani, anataja namba kabla hajafunua. Unapiga makofi, na ni sawa, maana ulikwenda kushangaa. Lakini mezani pakiwekwa dau, kikombe kilekile kinahitaji kukaguliwa. Twende Tabora tuone kwa nini.

Novemba 1857, Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Hapo ndipo njia za misafara zilipogawana: moja kuelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Kusubiri kulikuwa sehemu ya safari. Wao wenyewe walikaa zaidi ya mwezi. Na watu wakisubiri, hucheza.

Katika kitabu chake cha 1860, Burton anaeleza kamari ya Wanyamwezi. Unarusha kitu bapa, mwenzako anabahatisha upande gani utakuwa juu. Kitu chenyewe kilikuwa jiwe, kipande cha bati au kitako cha kikombe kilichovunjika. Anadai wengine walipoteza mali yote mpaka wakajiuza utumwani.

Hapo tusimame kidogo. Burton aliwadharau Waafrika waziwazi, kwa hiyo madai yake tusiyameze mazimamazima. Ila kifaa chenyewe tunaweza kukipima nyumbani.

Angalia kitako cha kikombe: chini kina ukingo, juu kimebonyea. Pande mbili hazifanani, basi hakuna sababu ya kutegemea nusu kwa nusu. Kirushe mara 100 ukiandika matokeo. Kifaa cha haki, upande mmoja ukitokea chini ya mara 40 au zaidi ya 60, hilo ni jambo adimu: kama majaribio 4 tu kati ya 100. Ukipata 70, acha kusema ni bahati.

Je, tukitupe? Hapana. Mwaka 1951 mwanahisabati John von Neumann alionyesha njia rahisi. Rusha mara mbili. Ikija juu kisha chini, umeshinda wewe. Ikija chini kisha juu, ameshinda mwenzako. Zikifanana, anzeni upya. Tuseme kitako kinaangukia juu mara 7 kati ya 10: uwezekano wako ni 0.7 × 0.3, wa mwenzako ni 0.3 × 0.7. Wote mna 0.21. Kifaa kimepinda, mchezo umenyooka!

Lakini kuna sharti moja: mrushaji asiweze kuamua matokeo. Mkono uliozoea unaweza kurusha kitako kikazunguka vilevile kila mara. Ndiyo maana wachezaji wa ludo hutikisa dadu ndani ya kijikopo, ili mkono usiwe na la kusema. Mtu wa mazingaombwe anakigeuza kinyume: kikombe chake kinaficha kazi ya mkono.

Kwa hiyo kabla ya dau, omba mambo matatu: uone ndani ya kikombe, utumie dadu zako, na utikise wewe. Akikataa hata moja, furahia maonyesho, hela ibaki mfukoni.