Mji Uliogeuka Msitu: Tarehe ya Makaya ya Wamijikenda

Ukipanda kutoka Mombasa kwenda Rabai na Kaloleni, au ukivuka Likoni ukaishika barabara ya Kwale, utaona vilima vilivyobeba msitu mzito katikati ya mashamba ya mihogo, mihindi na minazi. Msitu wenyewe mara nyingi si mkubwa. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuuzunguka asubuhi, jua halijakuwa kali. Nje yake pamelimwa hadi ukingoni na mbuzi wanachungwa. Ndani mna mivule, mibambakofi, misandarusi na mibuyu ya umri usiojulikana, na mbega wanaruka juu kwa juu bila kugusa ardhi. Hayo ndiyo makaya ya Wamijikenda, na mengi yake yalikuwa miji kabla ya kuwa misitu. Tarehe yake ni tarehe ya njia nyembamba zinazoingia humo: nani alizipita, aliingia na nini, na aliomba ruhusa kwa nani.

Wamijikenda ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Wazee wao husimulia kwamba asili yao ni Shungwaya, kaskazini, upande wa Somalia ya leo, na kwamba waliteremka pwani kwa pwani wakiwakimbia Wagala, yaani Waoromo. Wanahistoria wengi huyaweka masimulizi hayo karibu na karne ya 16 na ya 17. Wanaakiolojia nao, akiwemo Henry Mutoro, walipochimba makayani walipata dalili kwamba baadhi ya vilima vilikaliwa na watu mapema zaidi ya hapo. Yaelekea waliokuja walikuta wenyeji, wakaoana, wakawa kitu kimoja. Wazee wanashikilia safari, wachimbaji wanashikilia vigae, na mimi sioni ugomvi kati yao.

Waliofika walikuwa watu wenye hofu, na miji yao ilijengwa kwa hofu hiyo. Kila taifa lilitafuta kilima, likauacha msitu wa kukizunguka kama ulivyo, likafyeka uwanja wa katikati peke yake. Njia za kuingilia zilikuwa chache, nyembamba, zenye kupinda, na juu yake iliwekwa milango ya magogo. Chini ya ardhi lilizikwa fingo, kago la mji, lililoaminika kuletwa kutoka Shungwaya. Uwanjani kila ukoo ulikuwa na upande wake, na katikati palisimama moro, nyumba ya baraza, ambapo wazee waliamua kesi na kupanga sala za mvua. Wafu walizikwa msituni, karibu na walio hai.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa palikuwa na miti na palikuwa na wajenzi, na wajenzi wakaamua miti isiguswe, kwa kuwa msitu ulikuwa ngome yao. Ukikata mti umemfungulia adui mlango. Kutokana na haja hiyo ya ulinzi ikakua miko: haikatwi miti, haichungwi mifugo, haiachwi njia ya kaya kwa kufuata njia ya mkato, haimwagwi damu ya ugomvi. Aliyevunja mwiko alitozwa kuku au mbuzi wa kutakasa mahali, na wazee walilisimamia jambo hilo kwa ukali. Hofu ya adui ilipokwisha, miko ilibaki. Naona hapo ndipo penye hekima kubwa ya watu hawa: waliendelea kuutii msitu hata siku walipokuwa hawauhitaji tena kwa vita.

Na siku hizo zilifika. Watu wa makaya walikuwa wakiteremka Mombasa na sandarusi, pembe za ndovu na nafaka, na mataifa ya Waswahili wa mji ule yalikuwa na washirika wao miongoni mwa Wamijikenda, katika biashara na katika vita. Katika karne ya 19 tishio la Waoromo lilipungua, mashamba ya kilimani yakawa madogo, na familia moja baada ya nyingine ikahamia bondeni kulima. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walipiga kambi Rabai, karibu na kaya ya Warabai. Kutoka hapo Rebmann alikwenda bara, na mwaka 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Kufikia mwisho wa karne makaya yalikuwa na wakazi wachache sana. Lakini makaburi yalikuwa humo, fingo lilikuwa humo, na moro ilisimama. Wazee walirudi kwa sala, kwa hukumu na kwa viapo. Miti ikaurudia uwanja kidogo kidogo, na mji ukawa msitu bila kuacha kuwa mji.

Serikali ya Kiingereza haikulielewa jambo hilo hadi mwaka 1913. Ilikuwa imeweka kodi ya nyumba, ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na ilikusudia kuwahamisha watu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maziko, na kila alipocheza watu walimfuata. Yeye pamoja na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo. Humo viliapwa viapo viwili: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba asiwepo atakayeitumikia serikali. Masimulizi yanaongeza kisa cha kuku: Mekatilili alimwambia ofisa wa Kiingereza ajaribu kumnyang'anya kuku kifaranga chake, aone mama atafanya nini.

Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa wakapelekwa magharibi ya nchi. Mapema mwaka 1914 walitoroka na kurudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilomita katika nchi wasiyoijua. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliitia baruti Kaya Fungo. Milango ikaangushwa, miti mikubwa ikapasuliwa, majengo yakachomwa. Vita vikawaka katika nchi ya Wagiriama kwa miezi kadhaa. Nyumba zilitiwa moto, mbuzi wakatwaliwa, watu wakatozwa faini na kutakiwa kutoa wapagazi. Mekatilili alikamatwa tena akapelekwa Kismayu. Aliporejea mwaka 1919, wazee na wanawake walirudi pamoja naye kayani. Baruti ilikuwa imevunja magogo ya mlango, lakini watu waliojua kuingia kwa adabu walikuwa hai bado, na kwa hiyo kaya ilikuwa hai.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa na madhara makubwa kuliko baruti, ingawa hayakuwa na kishindo. Baada ya uhuru ardhi ya pwani ilipanda bei. Kusini, kuanzia Tiwi hadi Diani na Chale, hoteli zilifuata mchanga mweupe, na misitu ya kaya iliyokuwa karibu na bahari ikajikuta ndani ya viwanja vyenye hati za watu wengine. Wachonga vinyago walitaka mbao ngumu, wachoma makaa walitaka kuni, wakulima walitaka hatua mbili zaidi za shamba. Vijana walikwenda mjini kutafuta kazi, na kwa wengine wazee wa kaya wakaonekana watu wa ushirikina. Makaya kadhaa yalimegwa pole pole hadi yakabaki vichaka.

Agosti 1997 ilikuja aibu ya namna nyingine. Kaya Bombo, katika Kwale, ilitajwa kuwa mahali walipokusanywa na kuapishwa vijana waliovamia kituo cha polisi cha Likoni na kuwashambulia watu wa bara. Wengi waliuawa, maelfu wakakimbia makwao. Kaya iliyowekewa mwiko wa damu ilitumiwa kumwaga damu, na jina la kaya likawa la kutisha magazetini. Ni sehemu ya tarehe hii na haifai kurukwa. Inatufundisha kwamba miti yenyewe haimkatazi mtu kitu. Anayekataza ni mzee anayesikilizwa.

Kwa bahati wapo waliokuwa wamekwisha kuitambua thamani ya makaya. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea, wakiwemo Ann Robertson na Quentin Luke, walipita kaya hadi kaya wakiongozwa na wazee, wakaorodhesha mimea, na wakaona kwamba mingi ni adimu, haionekani kwingine ila katika mabaki haya ya msitu wa pwani. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na makaya yakaanza kutangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa. Leo yaliyotangazwa ni zaidi ya 40. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia, yakiwemo ya Giriama, Rabai, Duruma, Kauma, Ribe, Kambe, Jibana na Kinondo. Mwaka uliofuata ikaziorodhesha mila zenyewe za kaya miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha ya pili ndiyo yenye ujumbe mzito: msitu una sheria ya kuulinda, ila ujuzi wa kuuingia unaweza kufa na mwenye nao.

Wadigo wa Kinondo walichukua hatua yao mwaka 2001. Kaya yao iko karibu na pwani ya Galu, kusini ya Diani, msitu wa hekta 30 hivi, na wazee walikubali wageni waingie kwa masharti. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Mwongozaji, kijana wa hapohapo, huomba ruhusa kwanza. Hairuhusiwi kuchuma jani, kuokota jiwe wala kukumbatiana. Unaoruhusiwa kukumbatiwa ni mti, na wageni huweka mikono juu ya shina kubwa wakaelezwa ni mti gani unatibu nini. Njia ni ya kuandamana mmoja nyuma ya mwenzake, na mtu hujikuta anasema taratibu bila kuamriwa. Ada ya kiingilio huwafikia wanakijiji, na hivyo msitu uliosimama una faida mbele ya macho ya anayetamani kuukata.

Rabai nako kuna matembezi ya kupendeza. Kanisa la kale la wamisionari sasa ni makumbusho, na kutoka hapo njia za miguu zinapita chini ya minazi, kando ya nyumba za udongo na wagema tembo, zikishuka bondeni na kupanda tena kuelekea makaya ya vilima vya jirani. Anayetaka kuijua pwani aache gari atembee njia hizi na mwenyeji. Ataona jinsi shamba, kaburi, kisima na msitu vilivyopangwa pamoja, na atafahamu kwamba hakuna hata kimoja kilichokaa hapo kwa nasibu.

Kinachonitia wasiwasi leo ni hali ya wazee wenyewe. Katika Kilifi na Kwale wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna ugomvi wa ardhi ya urithi. Kila anayeuawa anaondoka na majina ya miti, mipaka ya kaya, sala za mvua na hukumu za miaka mingi. Serikali za kaunti zikiweka mawe ya mpaka na kuacha mauaji hayo yaendelee, zitakuwa zimelinda nusu ndogo ya urithi. Walimu wa pwani wawapeleke watoto kayani kwa idhini ya wazee, waandishi wayarekodi masimulizi kwa Kidigo, Kigiriama, Kiduruma na ndugu zao, na mahakama zishughulike na wauaji wa wazee kama zinavyoshughulika na wauaji wengine. Makaya yalipona mbele ya baruti kwa sababu palikuwa na watu waliorudi. Watu hao ndio wa kulindwa kwanza.