Nukta Mbili za HLA

Karibu kila seli yenye kiini mwilini hubeba protini za HLA juu ya utando wake. Protini hizi huzionyesha seli za kinga vipande vya kilichomo ndani, ili zipambanue cha mwili na kilicho kigeni. Jeni zake hutofautiana mno baina ya watu, na hiyo ni sababu kubwa ya figo ya mtu mmoja kukataliwa na mwili wa mwingine.

Mwaka 1958 Jean Dausset wa Ufaransa alieleza ya kwanza kati ya protini hizi, akaiita MAC. Watafiti wa Marekani wakaja kuiita LA2. Mwaka 1964 maabara kadhaa zilikutana Durham, North Carolina, zikapima seli zilezile, kila moja kwa mbinu yake, na majibu yakapishana. Data zisizo na majina ya pamoja haziwezi kuunganishwa. Kamati ya majina chini ya WHO ilianza kazi mwaka 1968; MAC leo ni HLA-A2.

Hifadhidata ya aleli za HLA, yaani matoleo tofauti ya jeni hizo, iliwekwa kwenye intaneti mwaka 1998. Inasimamiwa na taasisi ya utafiti ya Anthony Nolan, shirika la hisani la Uingereza linalowatafutia wagonjwa wachangiaji wa uboho. Maabara iliyopata aleli mpya huweka kwanza mfuatano wa DNA katika benki ya umma, kisha huiombea jina. Ikigundulika baadaye kuwa palikuwa na kosa, jina hufutwa wala halipewi aleli nyingine. Toleo jipya hutoka kila miezi 3.

Hata hivyo waasisi wa mfumo wa majina walikadiria idadi ya aleli kuwa ndogo mno. Katika jina A*0201, tarakimu mbili za mwanzo zilitaja kundi, mbili zilizofuata aleli. Kundi la A*02 lilipopita aleli 99, aleli za ziada zilisukumwa kwenye A*92, kiraka kisichopendeza. Aprili 2010 zikaingizwa nukta mbili: A*02:01. Sasa nafasi haina kikomo, na aleli zimepita 40,000.

Pengo lililobaki ni la Afrika. Tofauti za jeni ni nyingi zaidi barani humu kuliko kwingineko, lakini sampuli nyingi zilizopimwa ni za watu wenye asili ya Ulaya. Ilhali ni utafiti wa Gambia, uliochapishwa mwaka 1991, ulioihusisha HLA-B53 na kinga dhidi ya malaria kali. Hifadhidata husomwa bure, na maabara ya Dar es Salaam au Kisumu yaweza kuwasilisha aleli yake sawa na ya London.