NICE: neno lililoanza kama tusi

Leo naomba niingie kwenye historia, ila historia ya neno moja tu: nice. Hapa chuo siku haiishi hujalisikia. Bumu likiingia, nice. Mhadhiri akiahirisha testi, nice. Mtu akipendeza, nice. Sasa sikieni hii: miaka kama 700 iliyopita, ukimwambia mtu kule Uingereza kwamba yeye ni nice, ulikuwa unamwita mjinga!

Tuanze na asili. Kilatini kina kitenzi scire, maana yake kujua. Ukikikanusha unapata nescius, yaani asiyejua. Kwenye Kifaransa cha kale neno hilo likafupika likawa nice, maana yake mjinga au mpumbavu. Mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile wakawa wanaongea Kifaransa. Maneno yao yakamiminika kwenye Kiingereza. Nice nalo likaingia, kwenye miaka ya 1300 hivi, likiwa bado tusi.

Cha kuchekesha, hiyo scire ndiyo iliyozaa pia neno science. Kwa hiyo nice na science ni ndugu wa tumbo moja, mmoja hajui na mwenzake anajua. Watu wa sayansi msianze kuringa.

Sasa tusi linageukaje kuwa sifa? Pole pole tu, bila kikao. Kutoka mjinga likahamia kwa mtu wa mambo madogo madogo, anayechagua chagua chakula na nguo. Shakespeare kwenye Romeo and Juliet ana padri anayesema barua fulani haikuwa nice, na anamaanisha haikuwa barua ya upuuzi. Ukisoma pale kwa maana ya leo, umepotea. Halafu anayechagua sana si ndiye anayeona tofauti ndogo ndogo? Basi likawa na maana ya umakini. Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 anatoa maana za umakini na kuchagua chagua. Mpaka leo mwanasheria akisema nice distinction, hasemi tofauti nzuri, anasema tofauti nyembamba.

Maana ya "zuri, la kupendeza" ilikuja kushika kasi kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1700. Na wazee wakalalamika kama kawaida yao. Jane Austen aliwachora vizuri kwenye Northanger Abbey, riwaya iliyotoka Desemba 1817, yeye akiwa ameshafariki. Binti anasifia kitabu kwamba ni nice, kijana anamtania kwamba siku hizi kila kitu ni nice, wakati zamani neno lilikuwa na heshima yake, la unadhifu na ustaarabu. Kumbe na yeye kijana hakufika mwisho wa historia. Angerudi nyuma zaidi angekuta ujinga.

Msiwacheke Waingereza lakini. Sisi balaa ni maafa, ila ukisema ubwabwa wa jana ulikuwa balaa, unausifia. Hatari hivyo hivyo. Lugha ndivyo ilivyo.

Sasa kwa nini hili linanihusu mimi wa Education? Kwa sababu nice ni neno linaloliwa sana na kalamu nyekundu. Nilipokuwa field nilisahihisha insha za kidato cha kwanza: my mother is nice, my school is nice, my village is nice. Mwalimu mmoja ofisini akaniambia hilo si neno, ni uvivu, kata yote. Jamani! Huyu mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, kafika sekondari anakuta hata biolojia ni kwa Kiingereza. Maneno anayoyaamini yanahesabika kwenye vidole. Nice ni mojawapo. Ukimkatia hilo mbele ya wenzake wakacheka, insha ijayo hakuletei neno bora, anakuletea karatasi nyeupe. Nimeziona hizo karatasi.

Mimi nikawa nauliza swali moja tu: nice kivipi? Tena ajibu hata kwa Kiswahili. Mmoja akasema mama yake anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi ya kuuza, halafu lazima amwachie mawili. Sasa hapo ndipo pa kumpa maneno: hardworking, generous. Insha ikapata mama mwenye sura, na nice likabaki kwenye sentensi ya kwanza, halina kosa.

Ninachosema ni kwamba hiki Kiingereza tunachokiogopa kama msahafu kimejengwa na watu waliokuwa wakiyatumia maneno ovyo kwa karne nyingi mpaka ovyo ikawa sahihi. Sisemi tusisahihishe, mtihani wa taifa hautaki stori. Nasema tusahihishe kwa kumwongezea mtoto neno, si kwa kumnyang'anya alilo nalo.

Haya, walimu wenzangu mnaojiandaa kwenda field, mmelisikia. Na kama kuna neno mlikatazwa shuleni mpaka leo mnaliogopa, niambieni tulichimbe. Usiku mwema, nina semina saa moja asubuhi na sijagusa chochote.